Nuka Karibu

Walikutana kwenye duka la dawa za mifugo, siku ya gulio, watu wamebanana kama njugu za gunia moja. Muuza maziwa, na gauni lake la njano, alikuwa akilalamika: mbuzi wake kila mmoja anazaa kwa siku yake, wateja wakija, leo yapo kesho hamna.

"Tunaweza kuwapanga waingie joto la kupandwa pamoja," sauti ikasema nyuma yake.

Akageuka. Shati jeupe limenyooshwa pasi, chini buti za mpira.

"We mganga?"

"Daktari wa mifugo. Ila ukitaka uganga, nitajifunza."

Muuza maziwa alicheka, na hapo ndipo alipokwisha.

Daktari akaja bandani, akawawekea majike sponji zenye dawa ukeni, uzi ukining'inia nyuma. "Zikiwa ndani, joto linalala. Tukizitoa, wanaamka wote. Ndipo namleta beberu." Toka hapo simu kila asubuhi: "Umeamkaje, malaika?" Na jioni anakalia ndoo iliyofudikizwa, anakunywa maziwa mpaka shangazi wa muuza maziwa akohoe ndani ya nyumba.

Kisha akabadilika. Akawa anaishia getini, mikono nyuma. "Hapo hapo, mpenzi, usinisogelee." Anauliza hali ya mbuzi, huyoo, kaondoka.

"Mwanamume akikuficha kifua," shangazi alisema, "ujue kifua kina mwenyewe."

Muuza maziwa akaacha kupokea simu. Ilimtetemekea kifuani, akaiachia ilie mpaka ichoke. Lakini ile ndoo hakuigeuza. Alikamulia kwenye sufuria.

Siku ya kutoa sponji daktari alikuja. Mbuzi hawangoji watu wapatane. Yeye anashika pembe, daktari anavuta uzi, polepole.

"Ni nani huyo anayekufanya unikimbie kama nina upele?"

Daktari akainamisha uso. "Beberu."

"Usinitanie!"

"Haki ya Mungu. Namlisha, namsugua kila siku awe tayari. Majike hawatakiwi kumnusa kabla ya wakati. Na wewe… niliogopa ukininusa utanikimbia. Sabuni zote nimemaliza, harufu yake haitoki."

Muuza maziwa aliachia pembe. Machozi yalimtoka, na kicheko kikiyafuata.

Siku mbili baadaye banda zima likalia kwa pamoja, mikia inapepea. Daktari akamwachia beberu ndani, kisha mwenyewe akarudi kusimama getini, ananuka kutoka mbali.

"Ukikubali nikuoe, hii ndiyo harufu ya nyumba yetu."

Akaisogeza ndoo kwa mguu, karibu na kigoda chake.

"Njoo ukae. Nuka, mume wangu, ila nukia hapa karibu."