Sindano Iliyobaki

— Koko, nirudishie posa yangu.

Kasimu alisema hivyo akiwa bado mlangoni, viatu mkononi. Nilikuwa napepeta ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Ungo ukasimama.

— Unasema nini, mtoto wangu?

— Posa ya Feza. Nimekuja kuiondoa.

Feza ni mjukuu wangu, na kwa sababu yake mtaa mzima huniita Koko, yaani bibi. Nimemlea mimi, hapa Kavimvira, mjini Uvira, tangu mama yake, binti yangu Fadhila, afariki. Kasimu anauza vitenge karibu na mpaka, na alimposa baada ya Idi. Halafu Feza akachaguliwa kushindania Taji la Mataifa, shindano la urembo la dunia nzima. Mwaka huu nchi mwenyeji ilikuwa Vietnam.

— Umepata mwingine?

— Koko, weye unanijua.

— Nilidhani ninakujua.

Akakaa mkekani na kuniambia kwa sauti ndogo. Kulikuwa na fishi, karatasi ya maswali ya kujaza, ya kurudishwa kesho yake. Swali la tisa lilisema: una mume au mchumba? Mwenye kuandika ndiyo, hasafiri. Feza alikuwa ameliacha swali hilo wazi kwa siku tatu.

— Si aandike hapana tu? Vietnam iko mbali. Nani atajua?

— Feza adanganye? Koko, akidanganya anashika sikio.

Nilicheka bila kutaka. Ni kweli. Tangu anaiba sukari akiwa na miaka minne, mkono ulikuwa unakwenda sikioni wenyewe.

— Minye sitaki aende akiwa ameshika sikio, Kasimu akasema. Aende akiwa huru kweli. Akirudi, kama bado ananitaka, nitaposa upya.

— Basi mwambie hivyo.

— Nikimwambia hivyo, tayari iko na mchumba.

Alikuwa ameyawaza yote peke yake, na macho yake yalikuwa mekundu.

— Atakuchukia, Kasimu.

— Lakini ataenda.

Katika ukoo wetu posa huja kwenye sinia: kitenge, udi, sukari, na juu yake sindano yenye uzi mweupe, maana nyumba mbili zinashonwa. Posa ikivunjika, kila kitu kinarudi. Hata sukari iliyonywewa inanunuliwa nyingine. Kikibaki kitu kimoja tu, posa bado iko nyumbani kwa binti. Hilo hata watoto wetu wanalijua.

Nilimpangia sinia yake. Alikuwa anafuta macho, hakukagua. Na sindano, Mungu anisamehe, niliichomeka kwenye pindo la kitenge changu, kwa ndani.

Feza aliporudi nilimwambia kwamba posa imeondolewa. Hakulia. Alikaa, akavua bangili, akaivaa tena.

— Ameona aibu. Ameona watu watanitazama miguu, akakimbia. Si njo vile, Koko?

— Sijui, mama.

— Sawa. Amenirahisishia.

Akachukua kalamu, akaandika «Hapana» kwa mkono uliotulia. Hakugusa sikio.

Siku ya kuondoka, alipofika mpakani ili akapande ndege Bujumbura, mtu asiyemjua alimbebea mabegi mpaka ng'ambo, akakataa malipo. Feza alinisimulia kwa simu kwamba dunia bado ina watu wema. Sikumwambia ni nani aliyemtuma.

Kutoka Vietnam alinitumia sauti kila siku. Kila mshindani alikuwa amepangiwa familia moja ya mji wa shindano, akale nao, ajifunze nchi.

«Koko, huku pia wanaanika samaki wadogo juani, kama ndagala zetu! Mama mwenye nyumba amenipa kofia ya majani, tumegeuza samaki pamoja. Hatuna lugha moja. Lakini ameniona usoni, akaenda kuniletea chai.»

Nikamjibu: «Ulikuwa unalia?»

«Sijasema nilikuwa ninalia.»

Kisha ukaja ujumbe mwingine: «Kasimu anaulizaga habari zangu?» Kabla sijaanza kuujibu, alikuwa ameufuta.

Alhamisi, siku mbili kabla ya fainali, jirani yetu Sabine aliingia anahema. Sabine ni mzaliwa wa Nyakabere, ana roho safi kuliko mtu yeyote mtaani.

— Koko, nimeharibu! Nilitaka kumpongeza tu!

Alikuwa ameweka Facebook picha ya siku ya posa: Feza, Kasimu, na sinia katikati. Chini aliandika: «Hongera mchumba wa Kasimu wetu! Uvira yote inakuombea taji!» Watu elfu kadhaa walikuwa wameisambaza.

— Nimeifuta, lakini iko inatembea tu!

Simu yangu ikaita. Ilikuwa ya video. Aliyepiga ni Madamu Capitoline, kiongozi aliyemsindikiza Feza Vietnam, mzaliwa wa Lemera aliyeolewa hapa Uvira. Nyuma yake Feza alikuwa amekaa wima na mshipi wa kitambaa wenye jina la Kongo begani.

— Mama Fadhila, wenyeji wa shindano wameona picha. Wananingoja ukumbini niwapelekee jibu. Kama Feza iko na mchumba, anatolewa leo. Nataka kumsikia huyo kijana.

Sabine alikwenda kumwita Kasimu mbio. Alikuja na futi ya kupimia vitenge bado shingoni. Alipomwona Feza kwenye kioo cha simu, alisahau hata kusalimia.

— Kijana, huyu ni mchumba wako?

— Hapana, Madamu. Niliondoa posa kabla hajaweka sahihi.

— Kwa nini?

Kasimu akatazama mkeka. Feza akainama karibu na simu.

— Mwache aseme. Minye pia sijawahi kuambiwa. Sema, Kasimu, mbele ya watu. Ulinionea aibu?

— Hapana.

— Basi nini? Ulichoka?

— Ndiyo. Nilichoka. Sikukupenda tena.

Feza alimtazama. Halafu uso wake ukabadilika.

— Kasimu, mbona umeshika sikio?

Kweli. Mkono wake ulikuwa sikioni. Alikuwa ameambukizwa na mjukuu wangu bila kujua. Akaushusha haraka, lakini ilikuwa imekwisha kuonekana.

Madamu Capitoline hakucheka.

— Mama Fadhila, minye niko mke wa mtu wa Uvira, najua sinia zenu. Nakuuliza weye kama mzazi. Kila kitu kilirudi?

Sindano ilikuwa palepale, pindoni. Nilikuwa nimetembea nayo wiki tano. Neno moja tu, «kilirudi», na mtoto wangu angepanda jukwaani. Neno hilo hilo, na Kasimu angebaki mtu aliyemchoka. Feza alikuwa ananitazama kama alivyonitazama siku tuliyomzika mama yake, aliponiuliza kama atarudi. Siku ile pia sikuweza kumdanganya.

— Imebaki sindano, nikasema. Niliificha mimi. Kasimu hajui.

— Koko! Kasimu akapiga kelele.

— Na hakumchoka. Aliondoa posa ili mwenzake asiandike uongo. Alilia hapo unapoona huo mkeka. Hakutaka Feza ajue.

Nikaichomoa sindano, nikaionyesha kwenye simu. Feza akafunika mdomo kwa mikono miwili.

— Koko, kwa nini uliibakisha?

— Nilitaka ukirudi ukute mlango haujafungwa.

Madamu Capitoline akashusha pumzi.

— Feza, sasa weye. Siandiki ya bibi wala ya kijana. Naandika yako. Iko na mchumba?

Feza alishika mshipi, akauvua polepole begani, akaukunja. Mikono yake haikwenda popote pengine.

— Iko, Madamu. Kama bado ananitaka.

— Feza, usifanye hivyo, Kasimu akasema. Sema hapana. Nitangoja.

— Weye nyamaza. Umeshadanganya ya kutosha kwa wote wawili.

Madamu Capitoline aliandika kwamba binti alipoweka sahihi hakujua kwamba sindano imebaki, hivyo asirudi nyumbani na jina baya. Kisha akamwachia mshipi. «Huu ni wako,» alimwambia, «hakuna aliyeuandikia swali la tisa.» Jumamosi Feza alikaa kati ya watazamaji, pembeni ya yule mama wa samaki. Majina ya nchi yaliposomwa na Kongo ikarukwa, yule mama alisimama peke yake, akapiga makofi.

Wiki iliyofuata Feza alivuka mpaka kwa miguu, kofia ya majani kichwani. Kasimu alikuwa kwenye kizuizi tangu asubuhi.

— Nani alimtuma yule aliyenibebea mabegi siku ile?

— Sijui, Kasimu akasema, mkono ukianza kupanda.

— Shusha huo mkono!

Wachuuzi wa mpakani walicheka bila kujua wanacheka nini.

Nyumbani Feza hakuja kwangu mara moja. Alikaa upande wa pili wa mkeka, na moyo wangu ukawa mdogo.

— Koko, sindano yako ilinichoma.

— Najua, mama. Nisamehe.

— Nililia taji siku mbili. Nilikuwa nalitaka kweli. Usifikiri sikulitaka.

— Sifikiri hivyo.

— Siku ya tatu nililala vizuri. Iko wapi?

Nikamgeuzia pindo la kitenge changu, nilikokuwa nimeirudisha. Aliichomoa mwenyewe, haina uzi tena, akampa Kasimu aliyekuwa amesimama na sinia ya posa mlangoni, hajui aiweke chini au aendelee kuibeba.

— Tunga uzi. Koko haoni vizuri, na posa ni yako.

Kasimu alikosea mara tatu. Ulipoingia, Feza aliutoa mshipi wa Kongo kwenye begi, akaulaza juu ya pindo la kitenge cha posa, akaanza kuushona hapo. Hicho ndicho alichovaa siku ya nikahi, na Sabine alipiga picha zote alizotaka.