Picha ya Kushikilia Nafasi

Hebu fumba macho kidogo, kisha upige picha akilini. Chumba cha kazi, ghorofa ya juu, juu ya duka la vifaa vya umeme. Meza mbili, kompyuta mbili, dirisha linalotazama barabarani. Jua limeshazama na taa za barabarani bado hazijawaka, ile saa ambayo kila kitu kina rangi ya majivu. Mlango umefungwa kwa ufunguo. Na kwenye kiti cha wageni, ndani ya giza hilo, ameketi mtu.

Umemwona? Basi mwache hapo kwanza.

Sasa msikilize mwanamke anayepanda ngazi huku akinung'unika. Amesahau chaja ya simu. Kazini wanamwita Bingwa. Jina hilo alipewa na wenzake, na nusu yake ilikuwa kejeli, lakini yeye alilipokea lote kama sifa. Kazi yake ilikuwa kubuni matangazo, na tuseme ukweli, aliiweza. Angekuchukulia sabuni isiyotoa hata jasho, akaipiga picha kwenye mwanga anaoujua yeye, ukatoka hapo ukiamini umeishi miaka yote hiyo ukiwa mchafu.

Kisha alikudharau kwa kuamini.

Hapo ndipo penye ubaya. Kudanganywa tunadanganywa sote, na maisha yanaendelea. Lakini Bingwa hakuridhika kukudanganya, alitaka na kukucheka.

"Tangazo la manukato ndilo rahisi kuliko yote," alikuwa akimwambia mwenzake wa meza ya pili. "Picha haina harufu, sivyo? Kwa hiyo unaishika pua ya mtu kupitia macho. Weka mlango ulio wazi kidogo, maana yake kuna siri. Weka kiti kitupu, maana yake unangojewa wewe. Weka shingo ya mwanamke aliyekupa mgongo, maana yake sogea karibu. Kondoo watakuja wenyewe, hata fimbo huhitaji."

"Na yule mwanamke?" mwenzake aliwahi kuuliza.

"Mwanamke yupi?"

"Si huyo wa kwenye picha."

"Ah! Yule si mtu, bwana. Yule ni alama."

Basi Bingwa akafika juu, akafungua mlango kwa ufunguo wake, akaingiza mkono kutafuta swichi.

"Karibu, binti," ilisema sauti gizani.

Taa ikawaka. Kwenye kiti cha wageni alikuwa ameketi mama mmoja wa makamo, nguo safi, mikono imetulia mapajani. Wewe na mimi tungeuliza ameingiaje. Bingwa hakuuliza. Alisema moyoni, wale wajinga wamefunga ofisi na mgeni yumo ndani, na akaridhika na jibu hilo, kwa sababu lilikuwa na wajinga ndani yake.

"Shikamoo. Umengoja sana?"

"Marahaba. Mimi huwa sichoki kungoja."

Mteja akatoa chupa mkobani, akaiweka mezani. Chupa nzuri, ndefu, kioo kizito.

Ilikuwa tupu.

"Nataka tangazo la haya manukato."

"Manukato yenyewe yako wapi, mama?"

"Yatakuja picha ikikamilika."

Bingwa akacheka kwa sauti. Miaka yote hiyo, na leo kapata mteja mkweli! Kumbe na yeye anajua kwamba watu hununua picha, maji ni ziada tu.

Mteja alieleza anachotaka, taratibu, kama mtu anayesoma. Chumba. Mlango ulio wazi kidogo. Kiti kitupu. Mwanamke amesimama, amegeuza mgongo, nywele zimebanwa juu, shingo wazi. Mbele yake kioo kikubwa, kimefunikwa kitambaa.

"Kioo nikifunike kwa nini?"

"Asijione."

"Aa, nimekupata. Maana yake uzuri usiojijua. Safi kabisa."

"Ukipenda iwe hivyo," alisema mteja, akaondoka.

Bingwa akachukua chaja yake. Alipofika mlangoni alisimama. Ofisi ile kwa kawaida ilinuka gundi, vumbi la kompyuta na chakula cha mchana cha yule mwenzake. Sasa haikunuka kitu. Alivuta pumzi tena.

Hakuna kitu. Kama hewa yenyewe imefutwa kwa kitambaa.

"Mafua haya," alisema, akazima taa.

*

Nikueleze kidogo jambo la kazi yao, kwa sababu bila hilo hutaelewa. Mbunifu anapopanga tangazo kabla mwanamitindo hajapatikana, huwa anaweka kwanza picha ya mtu yeyote aliye karibu, ili aone ukubwa na mwanga. Anaweza kuwa mlinzi wa mlangoni, au shangazi yake. Wenyewe huiita picha ya kushikilia nafasi. Baadaye hutolewa, na huyo mtu wala hajui kama aliwahi kuwemo.

Bingwa alikuwa akiishi na mdogo wake, aliyejifungua si zamani, na ambaye mumewe alikuwa safarini kikazi. Jioni iliyofuata mdogo wake alikuwa ameinamia beseni akimwogesha mtoto, nywele kazibana juu, shingo yake ikimetameta maji. Bingwa akatoa simu.

"Dada! Unanipiga picha na povu lote hili?"

"Mgongo tu. Nani atakujua?"

"Mwanangu atanijua."

"Huyu? Huyu hata kidole chake anakishangaa. Inama kidogo. Haya, basi."

Akaitia ile shingo kwenye picha, kati ya mlango na kioo. Ilikaa vizuri mno. Jua la siku nyingine lilipozama, wenzake wakiwa wameshatoka, alisikia kiti cha wageni kikilia nyuma yake. Hakusikia mlango.

Mteja aliitazama kompyuta kwa muda mrefu.

"Nimeikubali."

"Hapana, mama, huyo ni wa kushikilia nafasi tu. Nitatafuta mwanamitindo."

"Ameishika vizuri. Mwache."

Bingwa akafikiri. Kutafuta mwanamitindo ni usumbufu, wanachelewa, wanadeka. Na nani angejua? Shingo ni shingo.

"Haya," alisema. "Abaki."

Mteja alitabasamu kwa mara ya kwanza.

*

Alimsikia mtoto akilia tangu getini.

Ndani, mdogo wake alikuwa amekaa chini, jasho linamtoka. Alimweka mtoto kifuani, na mtoto akajikunja nyuma kama upinde, akageuza kichwa huku na huku. Hakuwa akilia kwa maumivu. Alikuwa anatafuta. Amebebwa na mama yake, na bado anamtafuta mama yake.

"Hataki kunyonya, dada. Tangu magharibi. Ananitazama kama mgeni."

"Atakuwa na gesi tumboni. Lete hapa."

Bingwa akainama kumchukua, na uso wake ukapita karibu na shingo ya mdogo wake. Akasimama hapo hapo.

Alikulia kando ya shingo hiyo. Walilala kitanda kimoja utoto wao wote. Angeitambua popote: sabuni ya kipande, joto la kitanda, na sasa maziwa.

Alivuta pumzi.

Hakuna kitu.

Akavuta tena, karibu zaidi, pua ikigusa ngozi. Ilikuwa kama kunusa sahani iliyooshwa.

"Unaninusa nini? Mbona unanitisha?"

"Hakuna," alinong'ona Bingwa. "Hakuna kitu."

Daktari alimpima mtoto akasema mzima. Jirani alijaribu kumlisha kwa kijiko, akameza kidogo, akatapika. Kila mama yake alipomshika, alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Halafu akaacha kupiga kelele, na hiyo ikawa mbaya zaidi. Alilala tu, macho wazi, midomo imepasuka, pua ndogo ikipanuka na kusinyaa... kupanuka na kusinyaa...

Bingwa alirudi ofisini mbio, jua likizama.

Chupa ilikuwa pale pale mezani. Haikuwa tupu tena. Ndani yake mlitulia maji ya rangi ya asali, yamefika nusu. Alivuta kizibo.

Sabuni ya kipande. Joto la kitanda. Maziwa.

Mdogo wake alikuwa mle ndani.

Alikimbilia kompyuta, akamfuta yule mwanamke, akahifadhi, akafunga. Akafungua tena.

Yupo.

Akafuta. Akafungua.

Yupo. Lakini sasa hakuwa amegeuza mgongo wote. Ukingo wa shavu ulikuwa umeanza kuonekana.

Alikuwa anageuka.

"Nafasi haikai tupu," ilisema sauti kwenye kiti cha wageni.

Bingwa hakuthubutu kutazama nyuma. "Mrudishe. Mtoto wake anakufa."

"Mtoto gani? Mimi nilipewa alama."

"Mama, nakuomba..."

"Wewe ulijua kila kitu kina maana gani, binti. Mlango, siri. Kiti, kungojewa." Sauti ilikuwa ya upole, kama ya mtu anayemhurumia mwanafunzi mzito. "Mlango ni wa kuingilia. Kiti ni cha kukalia. Kioo nimekifunika ili akitoka mwilini mwake, asijue ametoka. Hayo si mafumbo. Ni maelekezo, na umeyafuata vizuri sana."

"Kwa nini mimi? Wabunifu wako wengi."

"Niliwapita wengi. Kila mmoja alikuwa na mtu anayemwona." Kiti kililia. "Nilikuwa natafuta asiyemwona mtu. Weka mwingine, wako aondoke. Unao wengi humo."

Ni kweli alikuwa nao. Kila ofisi ya namna hiyo ina ghala la picha zilizonunuliwa, watu wasio na majina, wanaocheka na sahani, wanaoshikana mikono. Bingwa aliwapitisha mbele ya macho yake upesi upesi. Huyu ana pete. Huyu kashika mkono wa mtoto. Huyu anacheka na mtu aliyekatwa pembeni. Kwa mara ya kwanza maishani aliwatazama kwa kweli, na kila mmoja alikuwa na mtu.

Simu yake ikawaka mezani. Mdogo wake. Hakuipokea.

Kisha akamwona mmoja. Mwanamke kituoni, jioni, amegeuza mgongo. Nywele zimebanwa juu. Mkoba mdogo begani. Hana pete inayoonekana, hana wa kuongozana naye. Mbele yake barabara ndefu.

Bingwa akaisoma ile picha kama alivyozisoma nyingine zote. Mkoba mdogo, maana yake hana mzigo wa mtu. Barabara, maana yake anaondoka. Yuko peke yake, maana yake yuko peke yake.

"Huyu hana mtu," alinong'ona.

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Akamkata, akamweka kati ya mlango na kioo. Akahifadhi.

Kwenye chupa, maji yalishuka, yakashuka, yakaisha. Simu ikaita tena. Safari hii aliipokea.

"Dada!" Mdogo wake alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Ananyonya! Kanishika nguo hataki kuniachia! Sijui imekuwaje, alininusa hapa shingoni mara moja tu, basi, akatulia. Dada? Unanisikia? Njoo nyumbani!"

"Nakuja," alisema Bingwa. Akakaa chini sakafuni, akamshukuru Mungu.

Lakini juu ya meza chupa ilikuwa inajaa upya. Tone kwa tone. Kizibo kilikuwa wazi, na harufu ikashuka taratibu mpaka pale alipokaa.

Hakutaka kuivuta. Ukikaa chumbani utavuta pumzi tu, hakuna njia.

Poda ya mtoto. Dawa ya kikohozi, ile tamu ya watoto. Moshi kidogo wa jikoni, kwenye nywele. Na maziwa... maziwa yaliyojaa kifuani kutwa nzima, mtu akiwa kazini, akihesabu vituo vilivyobaki.

Hakuwa akiondoka.

"Nilidhani..." alisema Bingwa.

"Ndiyo," alisema mteja, akifunga kizibo. "Unadhani vizuri sana." Hakukuwa na hasira katika sauti ile, wala furaha. Ni dharau tupu, iliyotulia, kama ya mtu anayefunika pipa la taka. Akachukua chupa, akapita kwenye mlango uliofungwa kwa ufunguo, na ofisi ikabaki bila harufu yoyote.

*

Tangazo lile liko barabarani sasa. Wabunifu wachanga hupelekwa kulitazama, wakafundishwa maana ya mlango na maana ya kiti. Manukato yananunuliwa sana. Watu husema hawajui yananukia nini hasa, ila wakiyanusa wanatamani kulala mapajani mwa mtu. Bingwa hupitia barabara nyingine. Mtoto wa mdogo wake amenenepa, anatambaa, anacheka na kila mtu. Mama mkubwa akimbeba hutulia, na Bingwa humfunika masikio kila anaposikia mtoto wa mbali akilia, kama vile kilio kile kinaweza kumtambua aliyekisababisha.

Yule mwanamke wa kituoni ni nani, hakuna aliyewahi kujua. Picha ilinunuliwa pamoja na nyingine nyingi, bila jina. Hakuna pa kwenda kuuliza.

Basi siku moja, ukipita mahali, ukamwona juu ya jengo, kakupa mgongo, shingo wazi, mlango nyuma yake umeachwa wazi kidogo, sikuombi mengi. Usisogee karibu, tafadhali. Nakuomba tu ukumbuke hili moja: alikuwa akirudi nyumbani.