Blanketi la Shayiri

Kila jioni, akishaweka vitabu vya shule juu ya kabati, Sisimizi alikuwa na kazi moja uani: kusuuza mablanketi ya farasi. Mama yake alifuga farasi watano na kuwakodisha kwa wageni wanaopenda kupanda ufukweni. Kila farasi alikuwa na blanketi lake la kutandikwa chini ya tandiko ili mgongo usichubuke. Wakirudi, mablanketi yalikuwa yamelowa jasho na maji ya bahari, na ilibidi yasuuzwe kwa maji ya bomba mpaka chumvi yote itoke, kisha yakamuliwe na kuanikwa. Jina la Sisimizi alibandikwa na kaka yake, kwa kuwa haikupita siku bila kumwona akiburuta kitu kinachomzidi ukubwa. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na siku hizo hata jina lenyewe lilimchosha.

Nyumba nzima ilikuwa imechoka, na sababu ilikuwa safari. Kundi la wauguzi lilitaka kupiga kambi pwani pamoja na farasi, mahali ambapo hakuna kengele ya kuwaamsha. Mama hakuwahi kupeleka wageni kulala nje. Msimu ule wateja walikuwa wachache mno, naye alisema safari hii ikienda vizuri watu watapashana habari, na ikiharibika pia watapashana. Basi kila chakula cha jioni kiligeuka kikao. Wangepita ufukweni maji yakiwa yamekupwa, kwa sababu mchanga mbichi ni mgumu na hauwachoshi farasi. Kambi ingekuwa nyuma ya vilima vya mchanga, penye kijito cha maji yasiyo na chumvi. Kaka angepika, ingawa Sisimizi alitaka kujua wauguzi wamemkosea nini.

Mahema yangebebwa na Shayiri, farasi jike mzee kuliko wote. Turubai likipigwa na upepo wa bahari hupiga makelele, na wenzake wote walikuwa waoga wa makelele. Kishindo, aliye mdogo kabisa, aliwahi kutimua mbio kwa ajili ya mfuko mtupu wa plastiki. Kishindo huyo ndiye ambaye Sisimizi angempanda, nyuma ya msafara, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alikuwa akilifikiria jambo hilo darasani mpaka mwalimu akamuuliza kama bado yupo.

Jioni moja walirudi kutoka kwenye mazoezi ya njia, wote wakiwa wamelowa chapachapa. Sisimizi alisuuza blanketi la kwanza, la pili, akaendelea mpaka likabaki la Shayiri peke yake. Mikono ilikuwa imekufa ganzi. Akaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, apumzike kidogo tu.

"Umemaliza?" mama akauliza kutoka jikoni.

"Nimemaliza," akajibu, akaliinua blanketi la Shayiri lilivyo na kulitupa kwenye kamba.

Asubuhi lilikuwa limekauka na kukakamaa kama kadibodi. Alilipigapiga ukutani likalainika kiasi, akajiambia halina neno. Mama akamtandika Shayiri, akampakia mahema, akamzungusha ufukweni kujaribu mzigo. Waliporudi na tandiko kuvuliwa, mgongoni palikuwa na kidonda cha ukubwa wa kiganja. Manyoya yalikuwa yamenyonyoka na ngozi inatoa majimaji. Shayiri alitetemesha ngozi na kugeuza shingo, akimtazama Sisimizi kama alivyomtazama siku zote, akitarajia kukunwa masikio. Sisimizi akaona aibu mbele ya farasi.

Tandiko lile lilikuwa limetoka kwa fundi wa ngozi juzijuzi tu. Mama akalipapasa kwa ndani, akakata shauri kwamba mshono umejitokeza, akatuma fundi aitwe. Fundi alikuja jioni na macho mekundu, kwani naye alikuwa akishona mikanda ya safari hiyohiyo bila kupata usingizi wa kutosha. Mama alimweleza kwa sauti ya uchovu, isiyo na hasira hata kidogo, kwamba safari imeingia mashakani na itambidi atafute fundi mwingine. Fundi hakubisha. Akaketi kibarazani, akawasha taa yake ndogo, akaanza kufumua.

Sisimizi alipewa kazi ya kumshikia uzi. Akisema, kidonda hakitapona kwa kusema. Akisema, Kishindo naye hatampanda tena. Akazidi kuushika uzi.

"Mshono siuoni, lakini mama yako si mtu wa kusingizia," fundi alisema, akilisogeza tandiko karibu na pua. "Huenda macho yameanza kuniaga. Afadhali niachane na matandiko nibaki na viatu. Kiatu kikimchubua mtu, mwenyewe atasema."

Uzi ukamponyoka Sisimizi mkononi.

"Fundi, usifumue. Tandiko lako ni zima. Ni blanketi, sikulisuuza." Akageuka, akamwona mama amesimama mlangoni. "Mama, niliposema nimemaliza, nilikuwa sijamaliza."

Fundi akalichukua blanketi, akalisugua kwa kidole, akaonja. Akakunja uso. "Kwa hiyo macho yangu hayana ubaya," akasema, akashusha pumzi ndefu.

Mama alimwomba fundi radhi palepale, mbele ya watoto wake, na haikuwa kazi nyepesi kwake. Kisha wakakaa wote wakiitazama safari ikiwaponyoka, maana Shayiri asingeweza kubeba hata kikapu. Fundi ndiye aliyesema kwamba mahema yakikunjwa na kufungiwa ndani ya mifuko ya ngozi iliyobana, turubai halitapata nafasi ya kupiga makelele, na hata mwoga ataweza kuyabeba. Hakuna aliyeuliza ni mwoga yupi. Wengine wote walikuwa na wageni wa kubeba.

"Kishindo abebe," Sisimizi akasema. "Mimi nitabaki na Shayiri."

Mama hakumbembeleza abadili maneno. Usiku ule Sisimizi alilia kwenye mto hadi usingizi ukamchukua.

Msafara uliondoka bila yeye. Mke wa fundi alikuja kukaa naye, na kila asubuhi na jioni Sisimizi alikisafisha kidonda kwa maji yaliyochemshwa, akiwafukuza nzi kwa kanga kuukuu. Waliporudi, wauguzi walikuwa wamechomwa na jua, wanasema walilala fofofo, na wanauliza lini tena. Kishindo, kaka alisimulia, hakushtuka njia nzima, isipokuwa kwa mapishi.

Kisha rundo la mablanketi yaliyolowa likashushwa uani, mbele ya Sisimizi. Mama akaivuta ndoo nyingine, akaketi kando yake.

"Umechoka?" akauliza.

Sisimizi alitaka kusema hapana, kama alivyozoea.

"Nimechoka, mama."

"Na mimi nimechoka. Siku zote nimekuuliza kama umemaliza. Hili la kuchoka sijawahi kukuuliza, na hapo nilikosea." Mama akakunja mikono ya gauni lake. "Lakini na wewe shika hili. Kuchoka si kosa, mwanangu. Ukichoka sema, tutasaidiana, au kazi itangoja. Ukisema imekwisha na haijaisha, uchovu wako unautwika mgongo wa mwingine. Na Shayiri hana mdomo wa kujitetea. Fundi alikuwa nao, ila hatukumpa nafasi ya kusema."

Wakalisuuza blanketi la kwanza, wakalishika mmoja huku na mwingine kule, wakalisokota mpaka maji yakachuruzika. Sisimizi akaligusa kwa ncha ya ulimi.

"Bado lina chumvi," akasema.

Mama akafungua bomba tena.