Dawa ya Maksai

Ndugu zangu wanakijiji, jioni ile kwa Ndassa palikuwa na amani. Ulikuwa mwaka wa vita vya Kagera, vijana wetu wengi wako mpakani, lakini pale kijijini kwetu Nemba chungu kilikuwa motoni na Nshoma, bintiye wa miaka minane, amerudi kutoka hospitali akiwa hai. Kidole tumbo kilikuwa kimeoza, kikakatwa, akashonwa. Ndassa alimtazama akicheka na mama yake, moyo ukamtulia.

Agizo alilopewa Ndassa hospitali lilikuwa jepesi: bandeji isifunguliwe nyumbani, kidonda kisafishwe zahanati ya kijiji.

Sasa huyu Ndassa, aliyehamia kwetu na mifugo yake kutoka Shinyanga, alikuwa fundi wa vidonda vya ng'ombe. Maksai akichubuliwa na nira, watu walimkimbilia yeye. Alipaka samli iliyochanganywa na majivu ya samadi, na kidonda kikafunga. Hakuna aliyemzidi, naye alilijua hilo kupita kiasi.

Kidonda cha Nshoma kilipoanza kuuma na kutoa majimaji, mama yake, Kwandu, alisema, "Baba Nshoma, tumpeleke zahanati kwa nesi Domisiana."

"Kwa binti yule? Nimetibu vidonda tangu hajazaliwa."

"Vya ng'ombe. Huyu ni mtoto."

Ndassa alifungua bandeji, akapaka dawa yake. Nshoma aling'ata kanga ya mama yake asipige kelele, maana baba alimwambia maksai wake hawalii.

Homa ikapanda. Tumbo likavimba likawa gumu, hata uji mtoto akaukataa. Ndassa akaongeza samli. Mniwie radhi, lakini hasira hunishika nikifika hapa, kwa sababu aliona. Usaha ulinuka nyumba nzima. Ila kumwita Domisiana kulikuwa kukiri mbele ya kijiji kwamba ameshindwa, na hilo hakuliweza.

Alipokubali hatimaye mtoto apelekwe hospitali, lori la kijiji lilikuwa limekwenda vitani. Wanaume walimbeba mtoto kwenye machela, wakipokezana kuelekea hospitali.

"Baba, usinipake tena," Nshoma aliomba njiani.

"Sikupaki tena, mama," alijibu Ndassa, machozi yakimtoka.

Hospitali hawakufika naye akiwa hai.

Watu bado huja kwa Ndassa kuomba dawa ya maksai. Huwapa, nao maksai hupona. Wakirudi kumshukuru, yeye huingia ndani akafunga mlango.

FUNZO

Mtoto aliyepasuliwa hajapona kwa sababu tu amerudi nyumbani. Mshono ukizidi kuuma, ukivimba au ukitoa usaha, homa ikipanda au tumbo likijaa, mpeleke zahanati siku hiyohiyo, wala usipake kitu chochote ulichokizoea zizini au jikoni. Na usione haya kusema umeshindwa. Aibu ya Ndassa tungekuwa tumeisahau kabla ya mavuno. Kaburi la Nshoma tunalipita kila siku tukienda shamba la ujamaa.