Nani Aliweka Toleo la Nane?

Mariette aliona kitenge kwanza.

Kila jioni, baada ya kufagia studio ya muziki ya Papa Appolinaire pale Misiera, kijiji cha kambi ya wakimbizi ya Nakivale, alifunika kompyuta kwa kitenge kuukuu, maua yakitazama juu, ncha zikipenyezwa chini ya mashine ili vumbi lisiingie. Alhamisi ile, tarehe 15 Machi 2012, saa mbili kasorobo asubuhi, maua yalikuwa yametazama chini na ncha moja ilining'inia. Tena jana yake ilikuwa siku ya posho. Misiera nzima ilishinda kwenye foleni ya mahindi na maharage kule Base Camp, makao makuu ya kambi, na studio ilifungwa kutwa.

Hakusema kitu. Alikuwa na miaka ishirini, shule aliiachia darasa la tano, na watu walimzoea kama binti wa mstari wa nyuma wa kwaya anayejibu kwa kichwa. Alichukua ufagio akaanza kufagia. Kapu la kanzu za kwaya halikuwepo pembeni, kwa hiyo alifagia na pale. Kanzu zenyewe alikuwa amezipita njiani, zimeanikwa kwenye ua wa Papa Kizito, nyeupe, tayari kwa Jumapili.

Saa mbili na nusu Papa Appolinaire aliwasha mashine, akaketi, akafuta miwani, kisha akaifuta tena.

"Mariette, kuya uone. Hii programu haiko yetu."

Mtu alikuwa ameweka toleo la nane la programu ya kurekodi juu ya toleo la saba. Appolinaire alifungua wimbo wa kwanza wa kwaya. Ngoma zilisikika, gitaa likasikika, lakini sauti za watu hazikuwepo. Wimbo wa pili ulikuwa vilevile, na wa tatu. Nyimbo zote nane zilikuwa bubu, na kwenye kioo palijaa alama nyekundu zenye maneno ya Kiingereza.

"Sidonie," alinong'ona Appolinaire. "Sauti ya Sidonie."

Sidonie ndiye aliyeongoza nyimbo sita kati ya zile nane, na wiki mbili nyuma ndege ilimchukua kwenda kuanza maisha Amerika. Uzinduzi wa nyimbo ulikuwa Jumapili. Hakukuwa na namna ya kumrudisha akaimba upya.

Kufika saa nne, chumba kilikuwa kimejaa. Mbele ya wote alisimama Papa Kizito, prezida wa kwaya, mtu wa miaka sitini aliyefundisha sauti tangu Uvira, Kongo, kabla ya vita. Mkononi alikuwa na daftari la studio.

Daftari hilo lilijulikana na kila mtu. Appolinaire aliliweka mezani, na yeyote mwenye ombi au lalamiko juu ya programu aliliandika humo. Akienda mjini Mbarara kwenye intaneti, aliyapiga chapa yote na kuyatuma kwa waliotengeneza programu, huko ng'ambo. Mtu aliandika, *Programu iache kutuomba intaneti kila asubuhi. Intaneti iko Mbarara.* Mwingine, *Umeme ukizima, wimbo usipotee.* Mwingine, *Ijifunze Kiswahili, imekaa kwetu miaka mitatu.*

"Musikie," alisema Papa Kizito, akasoma kwa sauti ya mimbari. "'Tunataka toleo jipya. Elisée.' Ukurasa mwingine, 'Toleo la saba limezeeka. Elisée.' Na mwingine tena! Ni nani alikuwa Mbarara Jumatatu na flashi mu mufuko? Ni nani iko na ufunguo?"

Watu wote walimgeukia Elisée, fundi wa studio, kaka yake Mariette.

"Nilienda kununua nyaya," alisema Elisée. "Papa Kizito, miye naweza haribu kazi yangu mwenyewe?"

"Haukuharibu kwa kutaka. Uliharibu kwa haraka. Sasa unaficha."

Saa tano alifika Afande Kobusingye wa kituo cha polisi cha Base Camp, mwanamke mnene mwenye sauti tulivu. Aliuliza maswali yake moja moja, akiandika.

"Funguo iko ngapi?"

"Mbili, Afande," alijibu Appolinaire. "Yangu na ya Elisée."

"Mulango ilivunjwa?"

"Hapana."

"Wewe, dada. Iliona kitu asubuhi?"

Mariette alitikisa kichwa. Alijua anaficha nini, na alijua kwa nini, na sababu hiyo hakuigusa hata moyoni.

"Basi," alisema Kobusingye, akamtazama Elisée. "Mimi napatia nyinyi mpaka Jumamosi saa kumi. Kama koro, hii kwaya yenu, nasema bado inataka kesi, mimi nafungua kesi."

Nyumbani kwa kina Mariette hakuna aliyekula mchana ule. Jumanne iliyofuata familia ilikuwa na mahojiano ya kuhamishiwa nchi nyingine. Walikuwa wameingoja siku hiyo miaka saba. Mama yao hakulia. Alikaa tu akikunja na kukunjua barua ya wito. Kila mtu Nakivale alijua: jina likiingia kituo cha polisi, dosie ya nyumba nzima, faili lao la kuhamishwa, inasimama.

Jioni Mariette alirudi studio na kumwomba Papa Appolinaire kitu, jambo lililomshangaza mzee.

"Unionyeshe siku. Siku ile nyimbo ziliguswa."

Appolinaire alibofya. Mariette hakusoma Kiingereza, lakini tarakimu alizisoma vizuri. Wimbo wa kwanza kuguswa ulikuwa wa nne, na uliandikwa tarehe 1 Januari 2002, saa 0:19. Wa mwisho ulikuwa 1 Januari 2002, saa 0:47.

"Afande alisema hiyo tarehe ni ya bure," alisema Appolinaire. "Miaka kumi nyuma studio haikukuwa."

"Papa, betri ya saa ilikufa mwaka jana."

Ndivyo ilivyokuwa. Kompyuta ile ilikuwa na betri ndogo ya kukumbuka saa, na betri hiyo ilikufa. Kila ilipozimwa na kuwashwa, mashine iliamini ni saa sita kamili ya usiku wa mwaka mpya wa 2002. Kwa hiyo studio ilikuwa na desturi: unawasha, unasahihisha tarehe na saa, ndipo unagusa kitu kingine. Elisée aliifanya kila asubuhi bila kufikiri, kama mtu anavyovua viatu mlangoni.

"Huyu hakusahihisha," alisema Mariette polepole. "Aliwasha, akakaa dakika kumi na tisa, akafungua wimbo wa nne. Kisha zingine. Dakika makumi ine na saba, akamaliza. Ni mutu hajue desturi yetu."

"Ao ni mutu alikuwa na haraka," alisema Appolinaire, na macho yake yalikuwa na huruma. "Kizito atasema vile."

Alikuwa sahihi. Tarehe peke yake isingetosha.

Ijumaa saa tano Mariette na Appolinaire walikuwa Mbarara, ng'ambo ya mto Rwizi, mtaa wa Nyamitanga, kwenye duka la Jonan. Jonan alikuwa mtoto wa mwanajeshi, alikulia kambi ya jeshi, na alijaza programu za muziki kwenye flashi za watu. Misiera walinong'ona juu yake: alishaomba mara mbili kununua nyimbo za Sidonie. Huenda yeye ndiye aliyemtuma mtu aharibu, abaki na nakala. Appolinaire aliingia akiwa ameshakunja uso.

"Jonan, nyimbo zetu ziko wapi?"

"Nyimbo gani tena, mzee? Ile uliniringia nayo?" Jonan alicheka, kisha akaona kwamba hawacheki. "Mimi hapana na nyimbo yenu. Tafuta kwa mashine, hii hapa."

"Uliuza toleo la nane kwa mutu wa Nakivale?"

"Niliuza kwa watu tatu, ine. Mimi hapana uliza mutu kijiji yake."

"Elisée alikuja Jumatatu?"

"Elisée alikuja. Alinunua nyaya. Nilimwambia, chukua nane. Akasema, mzee yangu alikataa, mimi hapana weka kama yeye nakataa." Jonan aliinua mabega. "Kijana ya adabu sana. Biashara yangu naumia."

Mariette alikuwa amesimama mlangoni. Sauti yake ilitoka ndogo sana hata Jonan akainama kuisikia.

"Hiyo nane... iko na nini, saba haina?"

"Nane? Inanyoosha sauti, dada. Mutu anaimba, sauti inateleza, unabonyeza hapa, inanyooka kama barabara ya lami. Watu waliomba hiyo kitu miaka mingi. Sasa wanalalamika tena, sababu nane natafuta sauti kwa folda ingine. Ukifungua wimbo ya zamani, naona sauti hakuna."

Appolinaire alishika meza. "Natafuta? Maana yake hazikufutwa?"

"Nani alifuta? Ziko palepale pa zamani. Programu nauliza kwa Kingereza, nibadilishe fasi, mahali ya sauti? Unasema *no*. Ukisema *yes*, hakuna kilio, unaionyesha fasi ya zamani, moja moja. Kazi ya saa tatu."

Mzee aliketi juu ya kreti ya soda na kuvua miwani, na safari hii hakuifuta. Aliacha machozi yaende yanakotaka.

Walirudi kupitia Kaberebere, na njia nzima Appolinaire alihema kama mtu aliyetua mzigo. Nyimbo zipo! Lakini Mariette hakuwa ametua wake. Kizito angesema nyimbo zimepatikana na mhalifu bado ni Elisée.

"Papa," alisema. "Kanzu zilitokaka namna gani?"

"Kanzu gani?"

"Za korali. Kapu linakaa mu studio, sababu ile fasi haivuje. Jumanne lilikuwako. Alhamisi zilikuwa ku ua."

"Nilimupatia Kizito ufunguo," alisema Appolinaire. "Jumatano asubuhi, mbele ya kwenda ku posho. Aliurudisha mangaribi. Mariette, hata sikukumbuka. Kizito haiko mutu wa kuhesabia."

Jumamosi saa kumi jioni kwaya ilikaa kanisani. Afande Kobusingye alikaa benchi la mbele, kalamu mkononi. Papa Kizito alisimama kusema kwamba kwaya inataka kesi, kwa uchungu lakini inataka. Ndipo Appolinaire alipomwomba Mariette asimame. Alisimama akitazama sakafu.

"Papa Kizito," alisema, "nyimbo zimepatikana. Zote."

Kanisa lililipuka kwa vigelegele. Kila mtu alimtazama jirani yake. Mariette peke yake alimtazama prezida, akaona mabega yake yakishuka na pumzi ndefu ikimtoka, kama ya mtu aliyesamehewa kabla ya kuomba.

"Mungu asifiwe," alisema Kizito. "Basi tuache mambo ya kesi."

"Hapana acha," alisema Kobusingye. "Mutu naitwa mwizi mbele ya watu, naachwa hivi? Dada, endelea."

Mariette alifungua daftari la studio, kurasa za mwisho.

"Hapa kuko ombi halina jina. 'Programu isaidie muimbaji ambaye sauti yake inamuacha njiani.' Bic nyekundu." Alinyanyua kitabu kingine. "Hiki ni kitabu cha mahudhurio ya korali. Wenye hawakuya, Papa Kizito anabaandika na bic nyekundu. Kule studio haiko nyekundu. Ni bleu tu."

"Kalamu nyekundu zinauzwa kila duka," alisema Kizito.

"Ndiyo, Papa. Kanzu ulizitosha studio siku gani?"

"Jumatano, bibi azifule."

"Na ufunguo wa nani?"

Kizito alimtazama Appolinaire, na Appolinaire alitazama chini.

"Wimbo wa kwanza kufunguliwa ni wa nne," Mariette aliendelea. "Mwizi anaanza na wa kwanza. Wa nne, Papa, ni ule Sidonie anaimba, kisha kunakuya ubeti moja wa mwanaume."

Hakumtaja mwanaume huyo. Hakukuwa na haja. Kila mtu alikuwepo siku ile ya kurekodi, sauti ya mwalimu wao ilipopasuka juu ya noti ndefu, na vijana wakainamia viatu vyao.

Papa Kizito aliketi polepole.

"Miaka makumi tatu," alisema, "ni miye nilibafundisha bantu kuimba. Sasa hii wimbo itafika Amerika, itafika Uvira, banafunzi yangu bote batasikia mutu ya kuvunjika. Nilisikia nane inanyoosha. Nilimwendea yule kijana wa Nyamitanga. Niliogopa kumuuliza Elisée, atacheka."

"Na sauti zilipopotea?" aliuliza Kobusingye.

"Iliniuliza kitu kwa Kingereza. Nilijibu *yes*. Nilizania ni heshima. Nikaona sauti haiko. Nikafungua ingine, nione kama yenyewe ni mzima. Ikauliza tena, nikajibu *yes*. Mara munane, Afande. Nilikuwa najibu *yes* na kulia."

Mtu alicheka nyuma, kisha mwingine, kisha hata Kobusingye alifunika mdomo kwa daftari lake.

"Lakini mutoto ya watu," alisema afande, na kicheko kikaisha. "Wewe alitaka mutoto ya watu afungwe."

Kizito aliinuka, akaenda mpaka alipokaa Elisée, na mbele ya kwaya nzima akapiga magoti, mzee mbele ya kijana. Elisée aliruka, akamshika mikono.

"Inuka, Papa. Inuka, unanitia haya. Kesho asubuhi utakuya studio. Tutaimba ule ubeti pole pole, mpaka ukubali. Mashine haitaguswa."

Kobusingye alichana karatasi moja kutoka kwenye daftari lake, akaikunja na kuitia mfukoni. "Hii hapana kesi ya polisi. Hii ni kesi ya koro. Jumanne muende mahojiano yenu, hakuna jina kwa kitabu yangu."

Mama yao, aliyekuwa amesimama nje ya dirisha muda wote, alikaa chini palepale kwenye nyasi.

Saa moja jioni ndugu wawili walitembea kuelekea nyumbani. Kutoka studio sauti ya Sidonie ilisikika, Appolinaire akiirudisha kipande kwa kipande. Elisée alikuwa akipiga mluzi, mwepesi kama mtu aliyetoka kuoga.

"Yaya," alisema Mariette. Ndivyo alivyomwita kaka yake mkubwa tangu utoto.

"Sema, mulokozi wangu."

"Usiniite vile." Alisimama njiani. Maneno yalikuwa yamekaa kifuani siku tatu, na yalipotoka hayakuwa makubwa kama alivyoyaogopa. "Alhamisi, miye pia nilizania ni wewe. Sikuenda Mbarara kukuokoa. Nilienda kuuliza kama ni wewe."