Kisanduku cha Mtoto wa Tatu

Asubuhi ile dukani kwangu Konde ilikuwa ya kawaida kabisa. Natoa fotokopi, najazia watu fomu za mtandaoni, nakunywa chai iliyokwisha kupoa. Akaingia jirani yangu, Bi Mwanaasha, na mwanawe Haitham, mgonjwa wa moyo, midomo imegeuka rangi. Usajili wa watoto wa kupelekwa kupasuliwa ulikuwa unafungwa adhuhuri ile.

Fomu yenyewe niliwatengenezea hospitali mimi, na nilikuwa najivuna nayo. Kila mtoto uliyemzaa ana mstari wake. Ukichagua "Hai", basi. Ukichagua "Amefariki", kinafunguka kisanduku cha tarehe, na usipokijaza fomu haiendi.

"Nitajie wanao, Bi Mwanaasha."

"Rahma, Soud, Haitham," akajibu kwa haraka, kisha akajiziba mdomo kwa mtandio.

Nilijua kwa nini. Rahma na Soud aliwazika wangali wachanga. Haitham alipozaliwa, jirani mmoja alimnunua kwa kibaba cha mtama, ili kile kilichowachukua wenzake kisijue kuwa ni ndugu yao. Tangu hapo hakutajwa nao pamoja. Mimi mambo hayo nilikuwa nayacheka. Nikaandika.

Rahma, amefariki. Soud, amefariki. Haitham, hai. Nikatuma.

Ikarudi na maandishi mekundu: Mtoto wa tatu, jaza tarehe ya kufariki.

Nikachagua "Hai" upya. Kisanduku hakikuondoka. Nikaufuta mstari. Ukarudi, na jina lake. Nikaweka tarehe ya miaka mingi mbele. Ikakataa, maana sharti nililiweka mwenyewe: tarehe isipite leo. Niliogopa. Haitham akakohoa. Adhuhuri ilikaribia.

"Nimeshindwa, Bi Mwanaasha."

Akanong'ona, "Ongeza mstari, mwanangu. N'tie mie."

"Usiseme hivyo."

"N'tie. Tarehe ya leo."

Nilikataa. Akaniangukia miguuni, analia bila sauti. Basi nikaandika: Mwanaasha, amefariki, leo. Kisanduku cha Haitham kikafutika chenyewe. Fomu ikaenda.

Bi Mwanaasha alijilaza jioni ile, hakuamka. Haitham alipasuliwa, akapona, na sasa analala kwangu kwa kuwa hana mwingine.

Jana nilifungua kumbukumbu za mfumo. Haitham kwa mamake hayumo. Yumo kwenye fomu yenye jina langu, mtoto wa kwanza, "Hai", na mimi sijapata kujijazia fomu ile. Chini ya jina lake kisanduku cha tarehe kiko wazi, kitupu. Nakifuta. Kinarudi.