Asali ya Jaji Nthiwa

Mwongeli aliijaza galoni asali ya mizinga yake mwenyewe, akajifunga leso safi. Hapa Migwani mtu haendi kwa wenyewe mikono mitupu, na yeye alikuwa anakwenda kwa jaji.

Jirani yake Salama, mamake Tariq, aliyekuwa mkalimani wa korti hadi alipostaafu, alimkuta langoni.

"Na hiyo asali, Mwongeli?"

"Ya Nthiwa. Kesi yangu na Mbaluka ni wiki ijayo."

Mbaluka ni shemeji yake. Tangu mume wa Mwongeli afariki, Mbaluka alilitaka shamba lote. Alidai Mwongeli hakuwa mke, kwa sababu hawakufunga harusi kanisani. Mwongeli akishindwa, yeye na watoto wangefukuzwa.

"Rudisha ndani," Salama alisema. "Hiyo ni hongo. Utashtakiwa."

"Hongo gani, Mama Tariq? Nthiwa alikuwa wakili wa bwanangu. Akasimama ubunge, nikamfanyia kampeni mpaka sauti ikakauka. Huyo ni mtu wetu!"

"Alikuwa. Wakili anasemea mteja wake. Mbunge anasemea watu wake. Jaji hana watu. Anasikiza pande zote. Na si hata Mbaluka alimpigia kura? Ukipeleka asali, yeye atapeleka mbuzi. Wewe utaongeza nini?"

Mwongeli alicheka bila kupenda. "Sasa nifanye nini?"

"Tafuta shahidi. Si mbuzi wa ntheo, wale wa kufunga ndoa kimila, waliletwa kwenu?"

"Waliletwa. Mzee Kaloki ndiye alikuja nao."

"Basi mlete Kaloki. Korti inatambua ndoa ya kimila."

Siku ya kesi, Jaji Nthiwa alisoma majina, akavua miwani. "Nilikuwa wakili wa marehemu," alisema mbele ya wote. "Kesi hii itasikizwa na jaji mwingine."

Mwongeli aliona ametupwa, na alikasirika kweli.

Jaji wa pili alikuwa mama mgeni, asiyemjua yeyote. Alimsikiliza Mbaluka, kisha Mwongeli. Mwishowe Kaloki akaeleza jinsi mbuzi mmoja wa ntheo alivyowatoroka njiani, akakimbilia mtoni.

"Alikamatwa na nani?" jaji aliuliza.

Kaloki alinyoosha mkono. "Si ni huyu Mbaluka!"

Mbaluka alikiri kwamba ndiye. Korti iliamua kwamba Mwongeli alikuwa mke halali, na shamba la mumewe litabaki kwake na kwa watoto.

Ile asali waliila na chapati, nyumbani kwa Salama.

"Nthiwa angeamua yeye," Mwongeli alisema, "Mbaluka angetangaza soko zima kwamba nilipewa shamba na mtu wangu. Sasa atasema nini?"